Chupa ya soda si ya kuwekea Jik

Jumamosi asubuhi ni siku ya usafi katika mitaa yetu ya mijini. Mazulia huanikwa, ndoo hupangwa mlangoni na harufu ya Jik hutanda hadi kwa jirani. Usafi ni jambo la kusifiwa. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu hudhani kadiri harufu inavyokuwa kali ndivyo nyumba inavyotakata. Ukweli ni kuwa uchafu huondolewa na maji, sabuni na kusugua. Jik ni ya kuua viini vilivyobaki.

Chukua mfano wa mtu anayesafisha choo. Humwaga dawa ya choo yenye asidi, kisha huongeza Jik ili kazi iishe haraka. Asichojua ni kuwa viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915. Katika choo chembamba kisicho na dirisha, gesi hiyo huwasha macho, hukaba koo na huweza kudhuru mapafu. Mwenye ugonjwa wa pumu yumo hatarini zaidi. Siki na dawa zenye amonia pia hazifai kuchanganywa na Jik. Itie maji baridi pekee. Koo likianza kuwasha, toka nje upate hewa safi, wala usirudi kumalizia.

Hatari ya pili imo jikoni. Mafuta ya taa, Jik na sabuni ya maji huuzwa kwa kupimiwa, nasi hubeba chupa za soda kwenda kununua. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Ajualo ni kwamba chupa ya soda ina soda.

Akinywa mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika jinsi wengi wafanyavyo, kwani yakirudi huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini na ubebe chupa hiyo ili daktari ajue alichokunywa. Jik ikiruka machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha umwone daktari.

Ajali kama hizi zinapotokea, wa kwanza kulaumiwa huwa ni yaya. Lakini je, ni nani aliyemwonyesha kazi? Ni nani aliyemnunulia glavu? Mwajiri anayemkabidhi msichana ndoo na chupa isiyo na jina, kisha akaenda zake kazini, hana haki ya kumgombeza jioni.

Kwa maoni yangu, lawama ni yetu wenye nyumba. Leo hii, kabla ya kulala, kagua chini ya sinki. Dawa zote zirudi katika mikebe yake, zipandishwe juu asikofika mtoto, na chupa za soda zitupwe. Majuto ni mjukuu.