Nta Ile Ile, Hukumu Mbili



Ndugu Waislamu, tusomapo habari za Nabii Musa (a.s.) na wachawi wa Firauni, huenda tukadhani walikuwa wapiga ramli wa vichochoroni. Sivyo. Katika Misri ya kale uchawi na ibada viliingia kwa mlango mmoja. Nguvu ya uchawi waliiita heka, na jina hilo hilo wakampa mmoja wa miungu yao. Kuhani aliyesoma magombo hekaluni ndiye aliyeombwa kuwasomea wagonjwa na kuwapa talasimu.

Katika hekalu la Amun huko Karnak, makuhani waliunda sanamu ya nta ya nyoka Apep, adui wa mungu wao wa jua. Wakaitemea mate, wakaikanyaga, kisha wakaichoma moto. Hiyo ilihesabiwa ibada. Lakini takriban mwaka 1155 kabla ya Miladi, palipofanyika njama ya kumwua mfalme Ramesses wa Tatu, baadhi ya waliohusika walishitakiwa kwa kuunda sanamu za nta na kuandika maneno ya uchawi, wakahukumiwa kufa. Nta ni ile ile; kilichotofautiana ni idhini ya mfalme. Na uchunguzi wa maiti yake uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha koo lililokatwa kwa kitu chenye makali. Kilichomfikia si nta, ni kisu.

Uislamu haukuweka mpaka hapo. Haukuuliza nani katoa idhini, bali nani anayeombwa. Mwenye kuomba hunyenyekea na kumwachia Mola wake hukumu. Mchawi hudai kuilazimisha ghaibu imtii. Ndiyo maana wachawi wa Firauni, mabingwa wa fani ile, ndio walioutambua upesi ukweli wa Musa, wakaanguka kusujudu (Taha: 70).

Tunayasema haya kwa kuwa wapo miongoni mwetu wanaomkimbia mganga mwenye kibuyu, kisha wakamwendea mwenye kilemba awaandikie hirizi ya kumfunga adui mdomo. Wanaona wameuacha uchawi, kumbe wamebadilisha mlango tu. Kilemba hakihalalishi kilichoharamishwa, kama hekalu lisivyoitakasa nta.

Mwenye haja na ainue mikono yake usiku, amwombe Anayesikia bila ya hirizi.