AKIBA YETU SI SADAKA YA MWANASIASA

Ndugu wanaushirika wa Kalemela,

Yako maneno yanayosemwa kilabuni na mnadani, eti mtu aliyepoteza akiba benki asimsumbue mbunge, kwa sababu mbunge siye aliyeifunga hiyo benki. Maneno hayo tunayapinga kwa nguvu zote. Wanaoyaeneza ama hawajawahi kuweka hata senti, ama wanawakingia kifua wakubwa.

Yaliyotokea tunayajua. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 kwa siku moja, kwa kuwa mitaji yake haikutosha: Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera, benki za wananchi za Njombe na Meru, Efatha, na Covenant ya wanawake. Ile ya Kagera ilikuwa ya wakulima kama sisi, ng'ambo tu ya ziwa letu hili. Mkulima wa kahawa aliyeweka akiba yake pale hakuiendesha benki ile wala hakupanga mtaji wake. Yeye aliweka tu.

Bodi ya Bima ya Amana ikakabidhiwa ufilisi. Fidia ya wakati ule haikuzidi shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye akiba. Aliyekuwa na 1,200,000 alistahili zote. Lakini aliyeweka 6,000,000, jasho la miaka, fidia yake iliishia 1,500,000, na zile 4,500,000 ni za kusubiri mali za benki ziuzwe na wadaiwa walipe. Kusubiri huko hakuna kalenda.

Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kikawa 7,500,000. Vizuri sana. Lakini kilishuka kutoka mbinguni? Kilipandishwa na watu wenye madaraka. Sheria ya Mabenki ya 2006 ilipitishwa na Bunge, na Waziri wa Fedha hujibu maswali mle mle Bungeni. Sasa mwenye akiba asipomwendea mbunge amwendee nani, mganga?

Tunachokilaani ni kitu kingine: mwanasiasa anayefika mkutanoni, anasema "hili nimelibeba", anapigiwa makofi, anaondoka na vumbi lake. Huyo hatufai, hata akiwa mwanachama mwenzetu. Chama hakikuundwa kumfunika mtu blanketi. Mwenye akiba haombi kilo ya sukari. Anataka aulizie mambo yanayohesabika: mfilisi amekusanya kiasi gani, wadaiwa sugu wamelipa kiasi gani, na malipo yanayofuata ni lini. Majibu yaje kwa maandishi, yabandikwe ukutani kama karatasi hii.

Na msidhani haya ni ya Wahaya peke yao. Tuseme msimu wa pamba akaunti ya chama ina shilingi 90,000,000, nazo ni za wakulima 300. Kila mmoja ana 300,000 zake mle ndani. Benki ikifa usiku huo, bima haiwaoni watu 300. Inamwona mwenye akaunti mmoja, yaani chama, na fidia yake haizidi 7,500,000. Gawanya mwenyewe: 25,000 kila mtu. Palizi tu hailipiki!

Walioweka SACCOS nao wajue, bima hiyo ni ya benki na taasisi za fedha zilizo chini ya Bodi ile. SACCOS haimo. Na hii Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma tarehe 28 Aprili 2025 sisi tunaifurahia, ni yetu wanaushirika. Ila anayekuja kuwauzia hisa awaambie wazi kwamba hisa si akiba. Hisa haina bima, na benki ikifilisika mwenye hisa hulipwa wa mwisho, kama kimebaki kitu.

Kwa hiyo hatungoji msiba ndipo tumtafute mbunge. Tumeandika barua ya kumtaka aipeleke hoja moja: fedha za mazao zilizo kwenye akaunti ya chama cha msingi zihesabiwe kwa bima kwa kila mkulima, kufuata daftari la mizani. Tunataka atujibu kwa tarehe, na tarehe hiyo tutaiandika hapa hapa.

Barua itasomwa kwenye mkutano mkuu ujao, na diwani ameombwa awepo. Kwa sasa iko kwa mtunza ghala. Waliohitimu darasa la jioni watie sahihi, wengine dole gumba. Anayeona hesabu yetu ya 25,000 ina kasoro, aje na kalamu.

Katibu wa Tawi