Msamvu Ina Mizani Ngapi?

Limezuka dai kwamba kazi ya kuhakiki vina na mizani ikabidhiwe kompyuta. Wenye dai hili husema: kanuni za arudhi ziandikwe mara moja katika programu, mashairi yaingizwe kama data, kisha mashine itoe hukumu. Sina ugomvi na juhudi zao. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha humo, kwamba amri ni kitu kimoja na maneno ni kitu kingine. Amri zikae juu, maneno yasubiri chini kupimwa. Kwa Kiswahili, imani hiyo ni potofu.

Nianze na jina la mahali ninapoandikia. Msamvu, penye stendi ya mabasi ya Morogoro, ina mizani tatu: m-sa-mvu. Herufi m imo mara mbili. Ya kwanza ni mizani kamili. Ya pili imeungana na v. Msikilize mpiga debe yeyote: mkazo unaangukia "sa", silabi ya pili kutoka mwisho, ishara kwamba "mvu" ni silabi moja.

Mtunga programu atajibu kwamba ataongeza kanuni: m ikitangulia b au v katika neno lolote, zihesabiwe pamoja. Vema. Sasa na apime "mti mbovu" na "ndizi mbovu". Kivumishi kina herufi zile zile tano, lakini fungu la kwanza lina mizani tano, m-ti m-bo-vu, na la pili lina nne, ndi-zi mbo-vu. Kilichobadili hesabu ni ngeli ya jina lililotangulia. Katika lugha yetu jina haliketi likingoja kuamriwa. Hukiamrisha kivumishi, hukiamrisha na kitenzi. Jina ni data, na papo hapo ni amri.

Watangulizi wetu walilielewa jambo hili. Katika tenzi nyingi za kale mtunzi huanza kwa kuagiza wino na karatasi, akamaliza kwa kutaja idadi ya beti. Ubeti huo wa mwisho ni sehemu ya utenzi na pia ni kipimo chake: mnakili akiruka ubeti, utenzi wenyewe unamshitaki. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, sheria na mashairi katika jalada moja. Mwaka 1979 Kahigi na Mulokozi, waliokataa kwamba vina na mizani ni lazima, walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Kambi mbili zilizohitilafiana vikali hazikutofautiana katika hili: kanuni ijitetee mbele ya mashairi.

Hata mafundi wa kompyuta hawana kauli moja. Lugha ya Lisp, aliyoianzisha John McCarthy huko Marekani mwaka 1958, huandika amri kwa orodha zile zile zinazobeba data, hivyo programu yaweza kuisoma na kuiunda programu nyingine.

Nitaambiwa kwamba nikiondoa ukuta huo kila mvivu atadai kosa lake ni kanuni mpya. Hofu hiyo ina msingi. Hata wadukuzi hupenya pale data inapopokewa kama amri. Lakini dawa ya mvivu ni msomaji makini. Kipimo kisichojua ngeli hakimkamati mvivu, humwonea aliye sahihi. Mtunzi chipukizi akiambiwa na mashine kwamba mstari wake umepungua, atalibadili neno lililokuwa barabara, na polepole ataacha kuliamini sikio lake. Hasara hiyo haitarekebishwa na toleo jipya la programu.

Basi kila programu ya arudhi na ipimwe kwanza kwa mti mbovu na ndizi mbovu. Ikishindwa, isikabidhiwe shairi la mtu.