Harusi 64 na Tiketi ya London

Haya jamani, leo tuyaweke kando mambo ya mapenzi na fitina za mjini, mwenzenu nina langu la kusema. Mwezi Septemba, Mungu akipenda, napanda pipa kwenda London kusomea filamu, shahada ya pili, mwaka mzima. Najua mmeshaanza: "Huyu naye anazamia." Tulieni kwanza niwape mkasa wenyewe, maana kuna wengi humu mnaotaka kufanya kama mimi na hamjui pa kuanzia.

Wanaonifahamu wanajua riziki yangu inatoka wapi. Mimi ni mpiga video wa harusi. Sendofu, kicheni pati, ndoa, hata kipaimara ukiniita nakuja. Sinza, Tandika, Mbagala, kote nimeshabeba kamera. Lakini mrembo akiniuliza kazi yangu, nilikuwa najibu "niko kwenye mambo ya filamu" huku naangalia pembeni. Niliona aibu. Nilijiona msanii mkubwa ambaye njaa imemtupa kwenye kumbi za watu.

Aibu hiyo ndiyo iliyoniponza mwaka juzi. Niliomba nafasi kwenye chuo kimoja cha London, jina halina maana kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nikawatumia filamu ya dakika nane. Majambazi wanne, miwani myeusi usiku wa manane, bastola ya plastiki, damu ya tomato. Wote wanaongea Kiingereza cha puani. Kwenye barua nikaandika kwamba tangu utotoni naipenda Hollywood. Jibu lilikuja mistari miwili: pole, jaribu tena.

Washikaji wakanifariji kwamba Wazungu wana roho mbaya. Nikakubaliana nao kwa siku mbili. Siku ya tatu mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, akaiangalia ile filamu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, hawa si wako Manzese? Mbona wanaongea hivyo?"

Nilizima kompyuta nikaenda kulala.

Mwaka jana nikajipanga upya. Kwa vile mfukoni sina kitu, nikaanza na fedha kabla ya chuo. Kuna udhamini wa serikali ya Uingereza unaitwa Chevening, ulioanza mwaka 1983. Ukiupata unalipiwa ada, tiketi na posho ya kila mwezi. Kwa kawaida maombi hufunguliwa Agosti. Unachagua kozi tatu, unaandika insha nne, na ukishinda usaili lazima uwe na barua ya chuo isiyo na masharti kabla ya kupewa tiketi. Yaani unaomba udhamini kivyake na chuo kivyake, kwa wakati mmoja. Wengi wanakwama hapo, wanasubiri kimoja kijibu ndipo waombe kingine.

Halafu angalieni na hili. Wao wanalipia kozi ya mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa naziota National Film and Television School ya kule Beaconsfield na London Film School, lakini shahada zao za uongozaji na utengenezaji wa filamu ni za miaka miwili. Nikazifuta kwenye karatasi huku moyo unauma, nikatafuta vyuo vyenye kozi ya miezi kumi na miwili. Vipo.

Kasheshe lilikuwa kwenye uzoefu wa kazi. Wanataka miaka miwili, ambayo wao wanaihesabu kuwa saa 2,800. Mwenzenu sina ofisi, sina bosi, sina hati ya mshahara. Nitaandika nini?

Kuna mshikaji mmoja wa mtaani kwetu, huyo ana muhuri wa kila kitu. Akaniambia, "Mwanangu, elfu hamsini tu, kesho wewe ni meneja wa kampuni ya matangazo." Sitawadanganya, nililala na wazo hilo usiku mzima. Halafu nikajifanyia usaili mwenyewe kitandani. Bosi wako anaitwa nani? Ofisi iko ghorofa ya ngapi? Nikaanza kutoka jasho kabla hata sijaulizwa na mtu.

Asubuhi nikatoa daftari langu la advansi. Ni kaunta buku kuukuu lililochafuka mchuzi, lakini kila shughuli niliyoifanya imo: tarehe, ukumbi, fedha iliyotangulia, fedha niliyodhulumiwa. Nikapiga hesabu. Siku ya harusi naanza saluni na bibi harusi asubuhi, namaliza ukumbini usiku wa manane, weka saa 14. Kuihariri, kuitia muziki, kumtafuta shangazi aliyesahaulika mpaka aonekane, weka saa 30. Jumla saa 44 kwa harusi moja. Nikachukua zile za baada ya kumaliza chuo tu, tena zile ambazo mwenye shughuli bado anapatikana kwenye simu.

Kuwapigia nako kulikuwa sinema nyingine. Ndoa tatu zilikuwa zimeshavunjika. Dada mmoja akaniambia, "Hiyo harusi usiihesabu, hata mimi siihesabu." Nikaihesabu. Saa zangu 44 sizitupi kwa ajili ya mwanamume wake.

Zikatimia harusi 64. Mara 44, ni saa 2,816. Chenji ikabaki saa 16! Nikaketi sakafuni nikacheka peke yangu. Miaka yote ile nilidhani napoteza muda nikisubiri kuanza maisha, kumbe daftari lilikuwa linaandika. Na fomu haikuuliza hata mahali pamoja kama kazi yangu ina kiyoyozi.

Kuanzia hapo nikaacha kujificha. Filamu ya kupeleka chuoni nikaipiga nyuma ya ukumbi, pale ambapo kamera ya harusi haifiki. Nikamwomba ruhusa mama mmoja mpishi, nikakaa naye kutwa nzima. Dakika sita. Anageuza pilau kwa mwiko mrefu, moshi unamwingia machoni, muziki unasikika kupitia ukutani. Anacheza kidogo kwa mabega. Watu wakishashiba ndani, yeye anakaa juu ya ndoo anakula ukoko. Hakuna neno hata moja la Kiingereza. Chuo kilichonikubali kiliitaja filamu hiyo kwenye barua.

Siku ya usaili wa udhamini nikaulizwa nimewahi kuongoza watu gani. Yule wa mwaka juzi angetafuta uongo mkubwa. Mimi nikawaambia: jaribuni kuwapanga shangazi kumi na wawili wa pande mbili zilizonuniana kwa ajili ya mahari, wote wanataka kusimama karibu na bibi harusi, taa inakaribia kuisha chaji. Wakacheka. Wakaniuliza nilifanyaje. Nikawaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu nilikuwepo.

Majibu yalikuja Juni. Nikadhani nyumbani patakuwa na vigelegele. Bi mkubwa akaisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri, akaniuliza, "Unakwenda Ulaya kusomea harusi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza la pili: "Na Jumamosi nani ataleta?"

Hapo ndipo moyo uliponiruka. Jumamosi ndiyo siku ya fedha yetu. Kodi ya nyumba inatoka kwenye harusi, na mahitaji ya shule ya yule mtoto aliyeniambia ukweli kuhusu Manzese yanatoka kwenye harusi. Posho ya udhamini ni ya mtu mmoja kuishi London, si ya kuendesha nyumba Dar. Kwenye insha zote nne sikuulizwa jambo hili, na kusema kweli mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Tumelizungumza wiki mbili, siku nyingine kwa kununiana. Mwisho tumekubaliana hivi. Dogo anayenibebea taa miaka mitatu sasa atashika kamera. Nusu ya kila kazi yake, nusu ya bi mkubwa, na daftari anashika bi mkubwa. Dogo anamwogopa mama kuliko anavyoniogopa mimi, hilo limenipa usingizi. Bi mkubwa naye kilichomlainisha ni kipengele kimoja: ukimaliza masomo lazima urudi kwenu ukae angalau miaka miwili. Akasema, "Kumbe hawa wana adabu."

Sasa niko kwenye matayarisho. Viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita, kwa sisi wa huku, inataka kwanza kipimo cha kifua kikuu. Msingoje dakika za mwisho. Koti nimelinunua Karume, zito kama godoro. Mchuuzi kanihakikishia limetoka hukohuko Uingereza, basi nalirudisha kwao. Na kwa wapiga picha wenzangu, jueni kwamba Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Sisi tuliozoea kupiga picha za bustanini saa kumi na moja itabidi tuamke mapema.

Basi nanyi mnaoota kusomea sinema, msianze na kununua kamera, wala msianze na muhuri wa mtu. Chukua daftari, andika ulichokwisha kufanya, hata kile unachokionea aibu. Kisha kaa na wa nyumbani kwako uwaulize Jumamosi nani ataleta. Mimi niliuliza mwisho, nyie ulizeni mwanzo.

Jumamosi hii tuna shughuli Mwananyamala. Dogo anashika kamera. Mimi nabeba taa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.