Mbio ndefu hutaka kipimo

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nami niliyathibitisha hayo nilipojitosa katika mbio za kilomita 50 kwenye vijia vya milima ya Aberdare.

Nilitimka kama swara, nikiwacheka moyoni waliopanda mlima kwa kutembea. Kiu iliponishika, nikayabugia maji chupa baada ya chupa, pasi na chumvi wala chakula. Kufikia kilomita ya 35 kichwa kiliniuma, tumbo likachafuka, vidole vikavimba. Wale niliowacheka wakanipita.

Baadaye nilifahamu kwamba maji ya kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na yaweza kuua. Katika mbio za Boston za mwaka wa 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa walipatikana na upungufu huo.

Walimu wenzangu, mara ngapi tumewapigia wanafunzi kelele waongeze kasi tangu hatua ya kwanza ya mbio za nyika? Mara ngapi tumewanyima maji tukidhani huo ni ukakamavu? Tuwafunze kuanza taratibu, kunywa kiu inapodai, na kutembea mlima unapowalemea. Ajuaye kujipima ndiye afikaye.