Mwacheni Mtoto Acheze Maji Uani

Huku kwetu Uchindile jua limeanza kukaza. Ninyi mlio bondeni, Mlimba na Ifakara, mtacheka mkisikia mtu wa mlimani akilalamikia joto, maana mwezi wa Juni tulikuwa tukiota moto na kujifunika mablanketi mawili mawili. Lakini sasa ni Novemba, mvua bado hazijashika, na saa za adhuhuri hata kuku hulala kivulini na midomo wazi.

Juzi alikuja mama mmoja ofisini kutafuta cheti cha ubatizo cha mtoto wake mkubwa. Alifuatana na mdogo wake, mvulana wa kama miaka mitatu. Nikafungua kitabu, tukatafuta mwaka, tukatafuta mwezi. Kumbe yule mdogo amekwisha toka nje na kuifikia ndoo yetu ya maji. Tulipomwona alikuwa anachota kwa kifuniko na kumimina, anachota na kumimina, na kila maji yanapoanguka anacheka peke yake. Mama akatoka, akampiga kofi la mkono, akasema, "Maji si ya kuchezea!" Kisha akanigeukia: "Unisamehe, Karani. Mtoto huyu ana wazimu wa maji. Nyumbani nimemfichia kila chombo, na sasa huwafuata wenzake mtoni."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike leo.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika kitabu cha marehemu jina la mtoto wa miaka minne. Sitamtaja, wala kijiji chake. Wakati wa joto kama huu aliwafuata wakubwa zake kwenye kijito. Wao, watoto wa miaka saba na minane, walikuwa wameziba maji kwa mawe na matope ili wapate pa kuogelea, naye akabaki ukingoni. Hakuna aliyesikia kelele. Waliporudi nyumbani walidhani ametangulia. Nilipomwuliza baba yake umri wa mtoto ili niandike, alinijibu, "Mwezi ujao angetimiza mitano." Sikujua niandike minne au niseme neno gani. Nikaandika minne.

Basi mimi naona hivi: mtoto mdogo kupenda maji si utundu, wala hatuwezi kumwondolea hamu hiyo kwa kofi. Tukimnyima nusu beseni uani, atakwenda kuitafuta chini ya kalavati la reli, au mtoni, mahali tusipomwona. Afadhali acheze mlangoni kwetu, mkono wetu ukiwa karibu.

Najua jibu la kina mama. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kisima kiko mbali, na njia ni ya kupanda. Mwanamume anayeandika makala haya hajabeba ndoo nyingi kichwani. Mke wangu amenikumbusha hilo jana usiku nilipomsomea. Basi sikilizeni shauri lake, maana ni lake, si langu. Mtoto lazima aogeshwe jioni. Yale maji ya kuoga, lita tano au sita, yatangulie kuwa maji ya mchezo. Yawekwe uani juani kuanzia saa sita, yapate uvuguvugu. Saa tisa alasiri yasogezwe kivulini, mtoto acheze nusu saa. Kisha sabuni itiwe, aogeshwe humo humo, avikwe nguo kavu kabla upepo wa mlimani haujaanza. Maji yanayobaki yamwagwe kwenye mgomba. Hapo hakuna ndoo ya pili iliyobebwa kwa ajili ya mchezo.

Tena msidhani ni mchezo mtupu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alileta beseni darasani, pamoja na kopo, kikombe, chujio, msumari, gunzi la muhindi na kifuniko cha soda, akatuambia tucheze. Sisi watu wazima tulicheka. Baada ya robo saa tulikuwa tunagombana. Vikombe vingapi hujaza kopo? Mmoja alisema vinne, mwingine vitano, mpaka tukapima. Kwa nini kifuniko cha soda, nacho ni chuma kama msumari, huelea ukikiweka chali, na ukikijaza maji huzama? Mtoto wa miaka minne hawezi kukueleza sababu, lakini akikizamisha mara ishirini amekwisha kuona kwa macho yake jambo lile lile linaloufanya mtumbwi wa Wandamba ubebe magunia ya mpunga juu ya mto Kilombero. Atakapofika darasani na kuambiwa "lita" na "nusu lita", mkono wake utakuwa unazijua tayari.

Vyombo havinunuliwi. Kibuyu cha kuchotea kilichopasuka mdomo kinafaa. Ganda la mgomba hukatwa likawa mtumbwi, na abiria wake ni mbegu za maharage. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu ni abiria wangapi mtumbwi unaweza kubeba kabla haujazama. Kikonyo cha jani la mpapai kina tundu ndani, na ukikichovya katika maji ya sabuni na kupuliza, hutoa mapovu makubwa ya kupendeza. Mfundisheni mtoto kupuliza nje kwanza kabla hajapewa sabuni, asije akavuta ndani. Kopo la maziwa likitobolewa matundu madogo chini kwa msumari huwa mvua. Kingo zenye makali zigongwe kwa jiwe ziwe butu. Kopo hilo ndilo hupendwa kuliko vyote, na ndilo linaloweza kumwagilia tuta la mchicha. Mtoto akiambiwa "haya, kanyeshee mchicha mvua", hufanya kazi ya nyumbani bila kujua kama ni kazi.

Hata vyura waliwahi kuwekewa mvua ya namna hiyo, tena hapa hapa kwetu. Kwenye bonde la maporomoko ya Kihansi waliishi vyura wadogo sana wa rangi ya manjano, ambao huzaa watoto badala ya kutaga mayai, na maisha yao yote yalitegemea marasharasha ya maji yanayoanguka. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, marasharasha yakapungua, na wataalamu wakatandika mabomba ya kuyanyunyiza. Vyura hao walitoweka kule porini hata hivyo, ila wengine walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa. Mimi husema, kama chura alitandikiwa mabomba, mtoto wangu hawezi kukosa kopo lenye matundu.

Sasa nije kwenye hatari, maana nimesema uani ni bora kuliko mtoni, lakini sikusema uani hakuna kifo.

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili ana kichwa kizito kuliko miguu yake. Akiinama juu ya ndoo kuchungulia, hutangulia kichwa, na hana nguvu za kujinyanyua. Maji yasiyozidi kina cha vidole vichache yanatosha, mradi yafunike pua na mdomo. Wala hapigi kelele. Hawezi, maana kelele zahitaji pumzi. Ndani ya dakika chache mambo yamekwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Kwa hiyo, wakati wa mchezo mtu mzima akae karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Aweza kuchambua mboga au kupukuchua mahindi, lakini macho yawe kwa mtoto. Tafadhali msimwachie kazi hiyo dada yake wa miaka sita. Yeye naye ni mtoto, na kipepeo akipita atamfuata. Ukiitwa ghafla, mwinue mtoto uende naye. Mchezo ukiisha, beseni limwagwe na kugeuzwa kifudifudi. Ndoo na mapipa ya akiba yafunikwe, na kisima kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuusukuma. Beseni lililogeuzwa halilei viluwiluwi vya mbu pia, na katika bonde letu hilo si jambo dogo.

Kule Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, wataalamu waliona kwamba watoto wadogo wengi walikufa maji asubuhi, mama wakiwa kazini na jikoni, baba shambani. Dawa iliyosaidia sana haikuwa ya gharama kubwa: katika kijiji huchaguliwa nyumba moja, na mama mmoja aliyefundishwa huwaangalia watoto wa jirani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Vifo vilipungua sana. Nawakumbuka ndugu zetu wa bondeni ambao wakati wa mpunga huhamia na watoto wao kwenye vibanda vya shambani, pembeni mwa maji. Huko kila mtu ana jembe mkononi. Je, vibanda vitano haviwezi kumwacha bibi mmoja, au kina mama kupokezana zamu, siku hii wewe, kesho yeye? Vyama vyetu vya kina mama hupanga zamu ya kufagia kanisa na hakuna anayesahau siku yake.

Maji ya mchezo yatoke wapi? Ya kisima au ya bomba ni mazuri. Maji ya dimbwi na ya mfereji uliotulia yana konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, navyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi, hata kama mtoto hakunywa tone. Mkiona mtoto anakojoa damu, msiseme ni kukua; mpelekeni zahanati, dawa yake ipo. Kama hamna maji mengine, yachoteni bila konokono na kuyafunika siku mbili kamili kabla ya kuyatumia, kwa kuwa vijidudu hivyo vikikosa mwili wa kuingia hufa katika muda huo. Na mto Kilombero wenyewe, pamoja na mamba na viboko wake, sina haja ya kuueleza.

Ikitokea bahati mbaya, mtoto akatolewa majini naye hapumui, msimning'inize miguu juu, wala msimkamue tumbo. Kufanya hivyo ni kupoteza dakika. Mlazeni chali mahali pagumu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo kidevu kitazame juu, mmoja ampulizie pumzi mara tano huku akiangalia kama kifua kinapanda. Asipozinduka, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara thelathini, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo hivyo, mwingine akikimbilia msaada. Hata akizinduka na kulia, apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Yule mama wa juzi nilimpa kopo letu la maziwa, nimelitoboa mwenyewe. Jumapili nilimwuliza habari za mtoni. Akasema mtoto hajaenda tangu siku ile, ila mchicha umelala chini kwa kumwagiliwa mara tatu kwa siku, na sasa analia anataka bomba la mwanzi kama la kaka yake.

Bomba hilo ni rahisi, na linafaa kwa watoto waliozidi miaka mitano. Kata pingili moja ya mwanzi, ukiacha fundo upande mmoja. Toboa fundo tundu dogo la msumari. Chukua kijiti kilichonyooka, zungushia kitambaa nchani mpaka kibane ndani ya mwanzi, kiloweshe. Ukivuta, maji huingia. Ukisukuma, hutoka kwa nguvu na kufika hatua kumi. Mwambieni mtoto asilenge macho ya mwenzake. Mjihadhari na babu pia: wa kwetu alilichukua la mjukuu wake ili "alitazame tu", na mpaka jua linatua alikuwa amekaa kwenye kigoda anawalowesha kuku.