Biashara na haki za binadamu: mlango wa kibarua uko wapi?

Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliridhia Kanuni Elekezi za Biashara na Haki za Binadamu: serikali ilinde, kampuni iheshimu, aliyedhulumiwa apate nafuu. Jirani zetu Kenya na Uganda wamekwisha kuziandalia mipango ya kitaifa.

Tukiyatazama mashamba ya maua na kahawa yanayoizunguka Tengeru, twaona ugumu uko katika hilo la tatu. Sheria za kazi tunazo, tena si mbaya. Lakini aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kuwasilisha shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akichelewa, sharti kwanza aombe kibali kwa sababu za msingi. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi aweza kuzimaliza siku hizo akimsihi msimamizi amrudishe, asijue kwamba zinahesabiwa.

Mpango wa taifa letu useme waziwazi, kwa Kiswahili chepesi, nani atamfikishia habari hiyo shambani. Kamati za haki na amani za parokia zaweza kuanza sasa, baada ya Misa ya Dominika, vibarua wanapokuwapo.